Mwacha Asili

Chupa imeletwa saa tatu asubuhi,
lita moja na nusu, rangi ya chai iliyochujwa mara ya tatu,
bado ina vuguvugu la mtu.
Lebo: Nazibrola Jorbenadze, miaka sitini na saba.
Majimaji ya tumboni. Chanzo: alama ya kuuliza.

Maabara yetu iko chini ya ardhi,
hapa Kutaisi, katika hospitali ya zamani ya reli,
na dirisha langu, jembamba kama rula, limelingana na njia ya miguu.
Dunia yangu ni viatu.
Namjua Daktari Anzor kwa kisigino kilicholika upande,
namjua mhasibu kwa mwendo wa mtu asiyedaiwa.
Ndiyo kazi yenyewe hii, nilimwambia mwanafunzi:
kuona kiatu, kumtaja mwenye kiatu.

Nayamimina katika mirija,
nayazungusha dakika kumi,
kilicho kizito kitue, kilicho maji kibaki maji.
Mashapo nayapaka juu ya kioo, wembamba wa pumzi,
kisha spiriti, kisha zambarau, kisha chungwa.
Nasubiri. Nje theluji inachafuliwa.

Mwanzoni ni wenyeji tu, seli za utando wa tumbo,
zimekaa mbili mbili kama majirani
walioachiana upenyo wa dirisha.
Chembe nyeupe zimetapakaa kama ufuta.
Ningependa kuishia hapo.
Nasogeza kioo kushoto, nusu milimita.

Hao.
Wamejikunja mafungu mafungu, hawana dirisha baina yao,
viini vyeusi vimejaa nyumba nzima,
na mmoja pembeni amebeba tone la ute
hadi kiini kimesukumwa ukingoni
kama kito juu ya pete.
Nani kawaoza? Nani kawavisha?

Nawauliza kama anavyoulizwa mgeni yeyote:
kwenu wapi?
Ovari? Tumbo la chakula? Kongosho? Titi?
Kila mlango una rangi yake,
kingamwili inayoshika jina moja na kuyaacha mengine.
Siku nne nagonga.
Mlango wa ovari: kimya.
Wa titi: kimya.
Wa utumbo: kahawia hafifu, kama mtu aliyeitika
kisha akakana kuwa ameitika.
Picha hazina doa. Kamera imeshuka kooni,
imepanda kwa njia nyingine, haikuona kitu.

Mwacha asili ni mtumwa, husemwa.
Hawa wameiacha na hawakumtumikia mtu;
wamekula, wamezaana, wamejaza bwawa,
na kwao wamekusahau hadi harufu.

Anzor akaandika: seli za saratani zipo.
Asili ya tezi. Kalamu ikasimama.
Chanzo hakijulikani.
Akaisoma kwa sauti, akaniangalia
kana kwamba nimeficha kioo kimoja mfukoni.

Alhamisi akaja mwenyewe kuchukua karatasi,
hakutaka mwanawe atumwe.
Miaka thelathini na mmoja alikuwa posta, akasema,
meza ya barua zisizo na anwani ya kurudishia.
"Nilidhani nanenepa. Mume wangu akanitania,
bibi wewe, utanizalia kitindamimba."
Akacheka, akashika tumbo; lilikuwa limeanza kujaa tena.
"Mlitafuta?"
"Tulitafuta."
"Nasi tulitafuta. Tulizifungua, tukasoma hadi majina ya mbwa.
Nyingine zilibaki."
Akakunja karatasi mara nne.
"Lakini dawa mnaanza Jumatatu?"
"Jumatatu."
"Basi."

Nimeosha mirija. Vioo nimevipa namba,
nimevilaza kwenye droo, watakaa humo kuliko sisi.
Saa kumi na moja yakapita dirishani mabuti ya kahawia,
zipu zimeachwa wazi kwa ajili ya miguu iliyovimba.
Yakasimama kidogo. Yakageuka.
Sikujua upande upi ndio kwake.